Kinyonga Akiugua Mapafu Marekani: Bili ya Daktari, Hatua kwa Hatua

Kinyonga mdogo wa Yemen, yule mwenye kishungi kichwani, aghalabu huuzwa kwenye maduka ya wanyama ya Marekani kwa chini ya dola 100. Siku akipata maambukizi ya mapafu, ziara moja kwa daktari inaweza kula mara tatu ya bei hiyo, na bado hujapewa dawa. Ndipo baba mwenye nyumba anapouliza kama si afadhali kununua mwingine.

Swali hilo lina majibu yake, nitalifikia. Kwanza tuelewane jambo moja: kwenye bili hii, dawa ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu zaidi. Pesa huishia kwenye vipimo, kwenye ada za dharura za usiku, na kwenye ugonjwa unaorudi kwa sababu kizimba kilichouleta hakijaguswa. Ukiyajua hayo mapema, utajua pa kubana na pa kutoa bila kusita.

Ninawaandikia Waswahili wanaoishi Marekani ambao watoto wao wameleta mnyama huyu nyumbani. Kwa walioko Kenya au Tanzania mambo ni mengine kabisa: kinyonga wa porini analindwa na sheria za wanyamapori, na kumfuga kunahitaji kibali.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni mapafu

Kinyonga akiachama mdomo si lazima awe mgonjwa. Akizidiwa na joto chini ya taa huachama ili apoe, na akisogea pembeni hufunga. Ukimkamata huachama kwa hasira. Ule unga mweupe unaokauka puani mwa kinyonga wa Yemen nao mara nyingi ni chumvi tu ambayo mwili wake unaitoa.

Cha kutia wasiwasi ni kuachama asubuhi, kabla taa haijapasha kizimba. Au kukaa muda mrefu ameelekeza pua juu, maana hapo anatafuta njia ya hewa. Sikiliza pia vimlio vidogo anapovuta pumzi, na utazame kama kuna mapovu au ute mzito mdomoni. Macho kufumba mchana ni dalili mbaya kwa kinyonga yeyote, uwe ugonjwa wa mapafu au mwingine. Ukiona uvimbe laini chini ya koo, mwambie daktari mapema: baadhi ya vinyonga wana kifuko cha hewa pale, na usaha ukijaa humo matibabu hubadilika na bei hupanda.

Reptilia hawana kiwambo (msuli wa chini ya mapafu) kama chetu cha kuwasaidia kukohoa kwa nguvu. Makohozi yakishaingia chini, hubaki huko. Ndiyo maana mafua ya kinyonga hayaishi yenyewe kwa kungojea, na ndiyo maana kila wiki unayoongeza ya "tumwangalie kwanza" inaongezeka kwenye bili.

Kabla hujapiga simu popote fanya mambo mawili yasiyo na gharama. Asubuhi, zima feni na televisheni, sogeza simu karibu na kizimba, umrekodi akipumua kwa nusu dakika. Kinyonga ni bingwa wa kuficha ugonjwa, na akifika kliniki kwa woga huchangamka na kubadili rangi hata daktari akadhani umetia chumvi. Video inaweza kukuepusha na ziara ya pili. Kisha mpime uzito kwa mzani wa jikoni unaosoma gramu: weka kijiti ndani ya bakuli, sawazisha mzani usome sifuri, halafu mpandishe kijitini. Dozi zote zitahesabiwa kutokana na gramu hizo, na uzito ukishuka wiki hadi wiki utakuonyesha mapema kuliko macho.

Hatua ya pili: ni leo usiku au kesho asubuhi?

Hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa. Kuonwa na daktari wa dharura usiku au mwisho wa wiki mara nyingi hugharimu dola 150 hadi 250, na hiyo ni ada ya kufungua mlango tu. Isitoshe, hospitali nyingi za dharura zimezoea mbwa na paka. Unaweza kulipa, akawekwa kwenye joto na oksijeni, kisha ukaambiwa umpeleke kwa mtaalamu wa reptilia Jumatatu.

Kipimo changu ni hiki. Kinyonga anayepumua kwa mdomo wazi muda wote, ute ukimtoka, au aliyeanguka na kulala sakafuni mwa kizimba, hangojei. Piga simu ya dharura na uulize kwanza kama yupo zamu mtu anayetibu reptilia. Ukiambiwa hayupo, uliza aliye karibu ni nani. Lakini anayeshika tawi vizuri, anayekula japo kidogo, na ambaye umesikia tu kamlio asubuhi, anaweza kungoja miadi ya kawaida ndani ya siku moja au mbili. Wiki mbili ni nyingi mno.

Wakati unangoja, mpe joto. Mwili wa reptilia hupambana na vijidudu kwa joto la nje, kwa hiyo pasha kizimba hadi sehemu ya juu ya kiwango kinachomfaa spishi yake, na usiache usiku ukawa baridi. Kwa kinyonga wa Yemen, pale anapoota joto pawe karibu nyuzi 85 hadi 90 za Farenhaiti. Usimpe kipimo hicho kinyonga wa pembe tatu: huyo asili yake ni nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru, na joto kali humdhuru upesi. Punguza unyunyiziaji wa maji usiku. Acha kumdondoshea maji mdomoni kwa bomba la sindano, kwani yakienda njia ya hewa umemwongezea ugonjwa. Mafuta ya mkaratusi na dawa za kupaka za mafua ya watoto ziache kabatini.

Usihangaike pia kutafuta antibiotiki kwenye duka la vifaa vya wakulima. Tangu Juni 2023, antibiotiki za mifugo zinazotumika pia kwa binadamu hazipatikani Marekani bila agizo la daktari wa mifugo. Hata ungepata, dozi ya ng'ombe kuigawa kwa mnyama wa gramu 120 ni hesabu inayoua.

Hatua ya tatu: simu kabla ya gari

Chama cha madaktari wa reptilia na amfibia cha huko, ARAV, kina orodha ya wanachama mtandaoni ambayo unaitafuta kwa jimbo. Anzia hapo. Vyuo vikuu vyenye shule za udaktari wa mifugo, kama UC Davis kule California au Cornell kule New York, vina kliniki za wanyama wasio wa kawaida. Si lazima ziwe za bei nafuu, ila utakutana na mtu aliyeona vinyonga wengi.

Bango la kliniki likisema wanapokea wanyama wa kigeni, huenda maana yake ni sungura na kasuku. Uliza waziwazi: daktari anaona vinyonga mara ngapi? Ada ya kuonwa ni kiasi gani, na ziara ya marudio je? Mnaweza kunifundisha kuchoma sindano nyumbani, au lazima nije kila mara? Malipo yote ni siku hiyohiyo, au kuna awamu? Mpokeaji simu akijibu kwa kigugumizi swali la kwanza, shukuru na upige namba inayofuata. Kuendesha gari saa moja zaidi kwenda kwa anayejua ni rahisi kuliko kulipia mwanafunzi akisoma juu ya mnyama wako.

Siku ya safari mweke kwenye kiboksi chenye matundu na kijiti cha kushika, ukifunike ili asione nje. Wakati wa baridi washa gari lipate joto kwanza. Chukua kinyesi cha karibuni kwenye mfuko wa plastiki, na picha za kizimba, taa na chupa za virutubisho unavyompa. Daktari mzuri atatumia nusu ya muda akikuuliza habari za kizimba.

Hatua ya nne: kuisoma bili

Baada ya kumwona, na kabla ya kipimo chochote, omba makadirio kwa maandishi. Ni utaratibu wa kawaida, hakuna atakayekuona bahili. Utapewa karatasi yenye kiwango cha chini na cha juu. Bei hutofautiana sana kati ya mji mdogo wa Ohio na katikati ya San Francisco, kwa hiyo namba zifuatazo zichukue kama mwongozo wa kujiandaa.

Kuonwa na daktari kwa miadi ya kawaida: dola 70 hadi 150. Hapa anapima uzito, anasikiliza, anaangalia mdomo na macho. Kipimo cha kinyesi kutafuta minyoo ni dola 30 hadi 60. Usikikatae, kwani minyoo hudhoofisha mwili na wapo wanaoishi kwenye mapafu yenyewe, na hao hawatikiswi na antibiotiki. Eksirei ni dola 150 hadi 300, nayo humwonyesha daktari kama mapafu yamejaa, mifupa imelegea kwa kukosa kalsiamu, au kama jike ana mayai tumboni yanayombana asipumue. Hilo la mayai hupotosha watu wengi: jike wa Yemen hutunga mayai hata bila dume.

Kisha kuna kuotesha vijidudu maabara, yaani kuchukua ute, kuona ni bakteria gani, na dawa ipi inawaua. Ni dola 100 hadi 250 na majibu huchukua siku kadhaa. Wanaokutwa mara nyingi kwenye mapafu ya reptilia ni jamii ya Pseudomonas, Klebsiella na Aeromonas, na Pseudomonas hasa ni sugu kwa dawa nyingi. Kipimo cha damu ni dola 100 hadi 200, lakini kwa kinyonga mdogo damu inayoweza kutolewa salama ni kidogo mno, na madaktari wengi hukiacha.

Dawa yenyewe? Mara nyingi dola 30 hadi 80 kwa mzunguko mzima. Zinazotumika sana ni antibiotiki mbili, seftazidimu na enrofloksasini. Kuvutishwa dawa kwa mvuke kwenye kliniki huongeza dola 25 hadi 60 kwa kila kikao. Kulazwa, pamoja na joto, maji ya sindano na uangalizi, ni dola 100 hadi 300 kwa siku, na hapo ndipo bili hupaa.

Ukijumlisha, ugonjwa uliowahiwa unaweza kuisha kwa dola 150 hadi 300. Wenye eksirei, kuotesha na ziara mbili za marudio hufika 500 hadi 800. Aliyefikishwa amezidiwa, akalazwa siku tatu, huvuka 1,000 kwa urahisi. Ukimweleza mama yako aliyeko Mombasa kwamba umelipa hizo kwa ajili ya kinyonga, kiumbe ambaye wengi wetu tulikua tukimkimbia, jiandae kwa kimya kirefu kwenye simu.

Pesa zikiwa hazitoshi

Sema mapema. "Nina dola 250 leo, tufanye nini cha maana zaidi?" ni sentensi halali kabisa, na daktari mzoefu huisikia kila siku. Ukikaa kimya, utaandikiwa mpango kamili kisha utakataa vitu ovyoovyo kwa aibu.

Ningepanga hivi. Kuonwa hakukwepeki. Kinyesi kifuate, kwa bei yake ndogo. Kama ni mara ya kwanza na dalili ni nyepesi, madaktari wengi hukubali kuanza antibiotiki kwa makisio na kuahirisha eksirei. Kama ni jike aliyekomaa, eksirei ningeipa nafasi ya juu kwa sababu ya mayai. Kuotesha vijidudu ningekulipia bila kubishana pale ambapo ugonjwa umerudi baada ya matibabu, au hali ni mbaya na hakuna muda wa kubahatisha. Angalizo: sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, maana antibiotiki ikishaingia majibu yanaweza kupotosha. Wengine huomba sampuli ichukuliwe, waanze dawa, na uamuzi wa kuilipia maabara wanaufanya siku hiyohiyo baada ya kupiga hesabu.

Kuhusu mikopo. Kadi ya CareCredit inakubaliwa kwenye kliniki nyingi na huwa na vipindi vya miezi 6 au 12 bila riba. Soma yale maandishi madogo: usipomaliza deni lote ndani ya kipindi hicho, riba hutozwa kwa kurudi nyuma hadi siku uliyolipia. Kwa hiyo gawanya deni kwa idadi ya miezi, ulipe kiasi hicho, na usifuate kile kima cha chini wanachokuandikia. Scratchpay ni njia nyingine, yenye mpango wa malipo kwa bili moja. Bima ipo pia. Kampuni ya Nationwide ni miongoni mwa wachache wanaokatia bima ndege na reptilia. Lakini ukikata leo kinyonga akiwa tayari anakoroma, ugonjwa huo hautalipiwa.

Hatua ya tano: sindano nyumbani

Hapa kuna akiba kubwa. Kila mara unapomrudisha kliniki achomwe na muuguzi unalipa pengine dola 20 hadi 40, na matibabu huchukua wiki kadhaa. Seftazidimu ina sifa nzuri mbili: kwa kawaida huchomwa mara moja kila baada ya siku tatu hivi, na hukaa vizuri kwenye friza. Kliniki nyingi hukupa mabomba ya sindano yaliyokwisha kujazwa dozi; unatoa moja, unaliacha kiganjani liyeyuke, unachoma. Usiliweke kwenye maji ya moto wala maikrowevu.

Mwombe daktari akuonyeshe mara moja, kisha ufanye wewe mbele yake. Kumtoa kinyonga tawini usimvute kwa mgongo. Pitisha kidole chini ya kifua ili atembee mwenyewe juu ya mkono wako. Mtu wa pili amshike, akimwacha akumbatie kijiti, maana kinyonga asiye na cha kushika huhangaika. Sindano huingia sehemu ya mbele ya mwili, aghalabu msuli wa juu wa mkono, kwa sababu damu ya sehemu ya nyuma hupitia kwanza kwenye figo. Atageuka rangi kuwa nyeusi na atakutolea mlio wa hasira. Badili mkono kila dozi, mmoja leo, mwingine dozi ijayo. Enrofloksasini ikichomwa huweza kuunguza nyama na kuacha doa au kidonda, na kwa mnyama ambaye ngozi yake ndiyo sura yake hilo si jambo dogo. Uliza kama kuna namna nyingine ya kumpa dawa hiyo.

Andika tarehe, uzito na mkono uliochoma. Makohozi yakikauka wiki ya kwanza usiache dawa. Wanaoacha nusu njia ndio wanaorudi mwezi wa pili kulipia kuotesha vijidudu sugu. Na nawa mikono kila unapomshika, kwani reptilia hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima. Watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike kabisa.

Hatua ya sita: kizimba kilichomuuguza

Ukimtibu na kumrudisha kulekule, umelipa bure. Kosa la kawaida ni tangi la kioo lisilo na mpito wa hewa, maji yakinyunyizwa mchana kutwa, kila kitu kikiwa kimelowa. Kinyonga anahitaji unyevu unaopanda na kushuka, hewa ikipita, na majani yakipata muda wa kukauka. Kizimba kirefu cha wavu ni dola 100 hadi 200. Taa ya UVB (inayotoa miale kama ya jua) ya mrija ni dola 30 hadi 60 bila kishikizo chake, nayo hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka, kwa sababu miale hupungua kabla mwanga haujafifia. Kipima joto na unyevu cha kidijitali hakifiki dola 20, na kama unanunua kitu kimoja tu wiki hii, nunua hicho. Muulize daktari pia kuhusu vitamini A. Upungufu wake huharibu utando wa njia ya hewa na macho, lakini ukizidisha dozi ni sumu, kwa hiyo usijipangie mwenyewe.

Akizidiwa

Sasa lile swali la kununua mwingine. Kinyonga wa Yemen akitunzwa vizuri huishi miaka mitano hadi minane hivi, majike mara nyingi pungufu. Mwenye mwaka mmoja aliyepata ugonjwa mwepesi ana maisha mbele yake, na dola 250 kwangu ni haki yake, kwa kuwa ni sisi tuliomfungia kwenye kile kizimba. Jike wa miaka minne aliyekonda, macho yamezama, mapafu yote mawili yamejaa, ni mazungumzo mengine. Muulize daktari bila kuzunguka: akiwa wake, angefanya nini? Nyumba ambayo kila mwezi inatuma karo na pesa za hospitali nyumbani haina sababu ya kuona haya kuweka ukomo, ilmradi ukomo huo uwekwe kabla ya kulazwa, wala si siku ya tatu ya kulazwa.

Kumpumzisha kwa sindano kliniki, yaani kumwua bila maumivu, hugharimu takriban dola 50 hadi 150. Usimweke kwenye friza akiwa hai, kama wengine wanavyoshauriana. Ni mateso, na madaktari wa mifugo hawakubaliani nayo. Kama una kinyonga wa pili ndani ya nyumba, uliza bei ya uchunguzi wa maiti kabla hujaondoka, na mwili uuweke kwenye baridi ya jokofu, si ya kugandisha, mpaka uupeleke. Kizimba cha marehemu kioshwe kwa sabuni, kipigwe dawa ya kuua vijidudu, kikaushwe juani. Mimea na vijiti vya mbao vilivyokuwemo vitupwe.